Mpira Uliotobolewa kwa Bikari

Aliyemwambia kwanza mama muuza kahawa ni mlinzi wa shule, tena kwa kunong'ona, kabla kijiwe hakijajaa. Binti wa mama huyo, jana, alitoboa mpira wa netiboli kwa bikari. Karatasi ya timu ilibandikwa, jina lake halimo. Kesho asubuhi mama na binti waje wote wawili kwa mwalimu mkuu. Mlinzi akaenda zake. Mama akabaki ameshika birika, na wateja wake watatu wakaja kukaa kwenye benchi lao, kona ya gereji: Soli, mshona viatu, Redio, kinyozi asiyepitwa na habari, na Refa, dereva mstaafu ambaye hajawahi kupuliza filimbi popote.

Redio hakungoja hata kikombe.

— Mmesikia? Kuna binti wa darasa la saba kaua mpira!

— Kaua vipi?

— Kwa bikari, ndugu yangu. Tsss! Mbele ya timu nzima.

— Wa nani huyo?

— Hilo sijaambiwa.

Mama akamimina. Kahawa ikamwagika sahanini, akaifuta haraka.

— Ni viatu, alisema Soli. Raba za siku hizi zinachoma. Mtoto akichomwa nyayo, hasira inapanda.

— Wewe Soli, hata mafua kwako ni viatu! Redio alidakia. Hii ni damu. Miaka kumi na tatu, damu bado nyepesi. Wanaruka, wanaruka, inapanda kichwani, inasahau kushuka.

— Acheni kubahatisha! Refa aligonga benchi. Hii ni hesabu. Netiboli ni watu saba. Wakiwa wanane, wa nane hana pa kusimama, lazima alipuke. Serikali ipige marufuku kuzaliwa kwa wasichana wa nane!

Wakacheka. Mama naye akacheka, kwa kuwa muuza kahawa hucheka wateja wake wanapocheka.

Fundi bomba mmoja, mgeni pale, aliweka spana chini akapokea kikombe.

— Huyo binti alikuwa anacheza nafasi gani?

Redio akamtazama Soli. Soli akamtazama Refa. Refa akatazama kahawa yake.

— Ni wangu, alisema mama, akiliweka birika chini. Na mimi sijui. Miaka miwili anatoka na raba begani. Sijui.

Redio akasogea, akamwachia nafasi kwenye benchi.

Siku hiyo birika lilirudi nyumbani na kahawa nusu. Jioni binti alikula, akaenda kulala. Mama hakujua aanzie wapi.

Asubuhi yake hakuwasha jiko. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha mwanawe, aliyekuwa amegeukia ukuta.

— Mwanangu, ulikuwa unacheza nafasi gani?

— Si nimetolewa.

— Kabla hujatolewa.

— Kati.

— Wa kati anafanya nini?

Binti akageuka, macho yamevimba. Akavuta kapu la vikombe, akapanga saba sakafuni. Huyu anafunga, mama. Huyu analinda. Huyu hapa anawakimbilia wote. Cha nane kikabaki mkononi mwake, akikizungusha.

Mama akakipokea, akakiweka pembeni mwa vile saba. Kisha akapiga magoti, akamfunga kamba za raba kama alivyomfunga alipokuwa mdogo, wakatoka pamoja kwenda kwa mwalimu mkuu.