Mzee Puliza na Saini ya Pili

Ndugu, jamaa, majirani, na askari wa pande zote mbili za daraja, familia imenipa mimi, mdogo wake anayemfuata, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, na naomba mnivumilie hadi mwisho, kwa sababu sehemu moja ya karatasi hizi aliiandika yeye mwenyewe na akataka isomwe mbele yenu nyote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yetu, fundi baiskeli, ambaye hakumrudishia mteja baiskeli kabla hajaipanda mwenyewe na kufunga breki mara tatu, tabia ambayo kaka aliichukua nzima nzima na kuihamishia kwenye milango, majiko na ngazi za watu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 akamaliza 1972, akaendelea na sekondari ya kutwa hadi 1976, ambako aliongoza katika hisabati miaka mitatu mfululizo, na ambako mwalimu wa muziki alimwomba kwa upole awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti.

Alijiunga na chuo cha polisi Januari 1978, akapangiwa kikosi cha usalama barabarani mjini mwaka 1981, akapata usajenti mwaka 1990, na tangu alipokabidhiwa kipima ulevi cha kwanza cha kituo madereva walimwita Puliza, jina lililomfuata hadi sokoni, ambako wauza nyanya walijaza mashavu na kumpulizia kabla ya kumtajia bei.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Desemba 1985 na shemeji yetu huyu, mwalimu, na siku hiyo alisimama getini na suti yake ya harusi akakusanya funguo za kila aliyekunywa, akianza na baba mkwe wake, hata mama mkwe akawa anasema miaka yote kwamba alioza binti mmoja akalaza wanaume kumi na mmoja sebuleni. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1987, 1990 na 1994, na ameacha wajukuu wanne.

Kazi iliyomtambulisha ni ile ya darajani. Wenye umri wangu wanakumbuka kwamba mamlaka ya polisi wa mjini yaliishia katikati ya daraja, ya polisi wa ng'ambo yakaanzia hapo, kila upande ukiwa na simu zake za upepo ambazo hazikusikilizana, na kila mlevi akijua kwamba akishapita nguzo ya nne amepona. Tarehe 18 Agosti 1996 gari dogo lilipinduka juu ya nguzo hiyohiyo, na askari wa pande mbili wakatumia dakika arobaini kupima kwa futi ya kamba ili wajue jalada ni la nani, huku majeruhi wawili wakiwa bado ndani. Aliyeshika ncha moja ya kamba alikuwa kaka, aliyeshika ncha ya pili alikuwa sajenti wa ng'ambo, na ndio hao wawili walioirusha kamba ile mtoni, wakaanza kuandika barua kwa wakubwa wao.

Tarehe 3 Februari 1997 vikosi viwili vilikubaliana kuweka kizuizi kimoja katikati ya daraja, kipima ulevi kimoja na daftari moja, kwa sharti ambalo kaka ndiye alilibuni, kwamba hakuna dereva atakayeruhusiwa kupita mpaka kipimo chake kiwe na saini mbili, moja ya kila upande. Ajali za barabara ile zilikuwa arobaini na moja mwaka 1996, mwaka uliofuata zikawa kumi na saba.

Hapa sasa naingia kwenye ukurasa wake, alioutia saini tarehe 2 Mei mwaka huu.

Jumapili tarehe 22 Novemba 1998, saa kumi jioni, alisimamisha gari la naibu mkuu wa kikosi cha ng'ambo, mtu aliyewapigania hadi ushirikiano ule ukakubaliwa, akampima, na kipimo kikawa mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Mwenzake, yule sajenti wa ng'ambo, alikuwa kwenye kizuizi akiongoza lori. Naibu mkuu alimwambia kwa sauti ya chini, "Sajenti, daraja hili nimekupa mimi. Usinivue nguo mbele ya vijana wangu." Kaka alifikiri kwamba akimshika mtu yule, barua zote zitachanwa na futi ya kamba itarudi. Ameandika hivi: "Niliandika sifuri kwa mkono wangu, nikampelekea mwenzangu daftari, akasaini bila kuuliza, kwa sababu ni mimi."

Mita mia nne mbele, gari lile lilimgonga na kumuua muuguzi aliyekuwa akitembea kwenda kazini, na naibu mkuu alivunjika mguu akastaafu kimyakimya. Tume iliuliza nani alifungua kizuizi, ikaambiwa ni sajenti wa ng'ambo, akavuliwa cheo na kuhamishiwa stoo ya sare, ambako alihesabu mikanda na kofia hadi alipostaafu. Kaka alipoulizwa alisema huenda mashine ilikosea. Mwaka 2001 alipandishwa kuwa inspekta, akatembezwa vituo kumi na viwili kufundisha sharti la saini mbili, na kila aliporudi safari, shemeji anasema, alikaa kwenye gari uani nusu saa kabla ya kuingia ndani.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2018. Mwaka 2019 aligundulika na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, na kila Jumamosi mwenzake yule wa ng'ambo alikuja kucheza naye drafti barazani, wakibishana nani amesogeza kete ya nani, na katika Jumamosi zote hizo jambo hili halikutajwa. Alifariki Alhamisi tarehe 13 Juni 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita.

Baadhi yetu tuliona ukurasa ule ufungiwe kabatini. Shemeji alikataa. Tulikwenda kwanza kwa mdogo wa yule muuguzi aliyegongwa, ambaye alisikiliza hadi mwisho, akatushukuru kwa kwenda, akaomba asiongezewe neno. Kisha tukaenda kwa mwenzake kaka wa ng'ambo, akasoma akiwa amesimama, akasema, "Nilijua jioni ileile. Nilipokuwa naifunga mashine ilikuwa bado inaonyesha namba, si sifuri. Nikanyamaza kwa sababu ya daraja, kama yeye, halafu nikawa namsubiri aniambie. Jumamosi zote zile nilikuwa namsubiri."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, majirani waliompeleka hospitali bila kuchoka, na askari wa vikosi vyote viwili, ambao hadi leo wanasimama pamoja kwenye kizuizi kile. Tunamwomba radhi mdogo wa marehemu muuguzi, na tunamwomba radhi sajenti wa ng'ambo, aliyeketi hapa mstari wa mbele, ambaye juzi, kabla hatujaaga, aliomba kalamu.

Kaka, chini ya ukurasa wako uliacha nafasi. Mwenzako amesaini, na safari hii amesoma kwanza. Pumzika kwa amani.