Mama Kataliwa na Darasa Lake

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, katika nyumba iliyo nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa nne wa fundi cherehani. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama alipenda kusema mtoto yule alitoka tumboni kaikasirikia hali ya hewa.

Alianza shule mwaka 1964. Shangazi yetu, Mungu amrehemu, alionya kwamba msichana akisoma sana hukosa mume. Mtoto akamwuliza, "Shangazi, wewe hukusoma. Mume yuko wapi?" Alichapwa, akasoma hivyo hivyo. Mwaka 1980 alipata shahada ya uchumi, na mwaka 1985 akarudi chuoni kufundisha.

Somo lake lilikuwa ujasiriamali. Zamani lilikuwa la wanafunzi wa biashara peke yao. Mwaka 1998 akalifungulia wote: wa mashairi, wa kemia, wa muziki, wa mimea. Wakubwa wakasema anachanganya maji na mafuta. Naye alikuwa na sharti lake: kabla ya kukaa kwenye kiti, nenda kamuuzie mtu usiyemjua, akukatae. Aliyekataliwa alipigiwa makofi mlangoni. Ndipo wanafunzi wakamwita Mama Kataliwa.

Binti mmoja alimwambia, "Mwalimu, mimi nasomea mashairi. Sina cha kuuza."

"Mdomo unao?"

"Ninao."

"Basi duka unalo, limefungwa tu."

Akampanga na kijana wa kemia aliyetengeneza sabuni isiyonunuliwa. Kijana akalalamika, "Sabuni ni nzuri, watu ndio hawaelewi." Mwalimu akamjibu, "Haya, kawauzie wasio watu." Binti akaichukua ile sabuni mpaka kituo cha mabasi, akamwita abiria: "Kaka, kola yako inakusema vibaya. Njoo tuinyamazishe!" Leo wawili hao wana kiwanda.

Hata hivyo mkuu wa kitivo alisimama kikaoni akasema mashairi hayauzwi. Dada akamwuliza, "Mkuu, ulipomchumbia mkeo ulimpelekea hesabu?" Kikao kilicheka. Mkuu hakucheka, na vita vikaendelea miaka yote.

Nimeruka ndoa. Aliolewa mwaka 1983 na fundi redio, mtu mpole, aliyemtangulia mwaka 2011. Shemeji akiulizwa nani mkubwa nyumbani, alisema, "Mimi. Ngojeni nimuulize."

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Akalazwa, akaita wanafunzi wake kitandani. Muuguzi akasema, "Mama, hapa ni wodini." Akajibu, "Najua, mwanangu. Vuta kiti, na wewe usikilize."

Mwezi uliopita, akiwa hoi, chuo kikatangaza kwamba somo litarudi kwa wanafunzi wa biashara tu. Wa mashairi na wa sayansi walioanza, watoke. Alinishika mkono, akaniambia, "Kaka, siku ukinisomea wasifu, usinililie. Waambie sikukubali."

Nawaambia: hakukubali. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, asubuhi, na mpaka pumzi ya mwisho hakukubali. Mkuu wa kitivo yupo hapa, amekaa kwenye hema mstari wa mbele, na tunamshukuru kwa kuja. Mzee mwenzangu, tangazo lako tumelisikia. Binti yule wa sabuni amejitolea kufundisha bila mshahara. Jumatatu saa nne asubuhi atakuwa mlangoni, na wanafunzi wote wa kila fani watakuwa nyuma yake. Ukiufunga mlango watakaa kwenye ngazi, na mimi nitakuwa nao, magoti yangu yakiniruhusu.

Marehemu ameacha watoto wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, wifi, mimi kaka yake, na darasa zima ambalo halijamaliza muhula.

Dada, umefanya kazi. Upumzike kwa amani. Sisi Jumatatu tuna kipindi.