Mzee Ejore na Ganda la Risasi la Kaaleng

Tarehe 31 Desemba 1997, Mzee Ejore Lokwang atakabidhi funguo za ghala letu la silaha hapa Lodwar, baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Umri wa kustaafu ni hamsini na mitano, na faili yake inasema ameufikia. Mwaka wake wa kuzaliwa ulikadiriwa na karani aliyemtazama meno, kwa hiyo huenda tunamwacha aende mapema. Yeye hucheka. Sisi jambo hilo linatuuma.

Alianza akifagia. Fundi wa wakati huo akamfundisha kufungua bunduki, kupaka mafuta na kusoma mihuri iliyogongwa kwenye chuma. Baadaye, kila bunduki kuukuu iliyosalimishwa kutoka Todonyang hadi Nakalale ililetwa kwake. Chai yake ilinuka mafuta ya taa, naye aliinywa tu.

Mwaka 1995 Mzee Akuwam wa Kaaleng alikuja kusalimisha bunduki ya marehemu baba yake. Alitaka kitu kimoja: kujua mwaka aliozaliwa, apate kitambulisho. Binti yake Bilha aliolewa Kakuma, na kila alipokwenda kumwona, mzee alirudishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Kwao mwaka huitwa kwa tukio, si kwa namba. Alisema: “Baba alipiga hii mara moja tu, siku mimi nilizaliwa. Ganda iko ndani bado.”

Ejore alifurahi kupita kiasi. Ilikuwa bunduki ya kijeshi ya risasi moja, yenye mkono wa chuma chini: unaushusha, unatia risasi, unaupandisha. Alilichomoa ganda kwa koleo, akalitupa kwenye kopo la maganda matupu, akasugua chuma hadi taji likaonekana, na chini yake 1887. Akaiandikia ofisi ya usajili barua ya kuutaja mwaka huo, kwa fahari. Karani wa usajili akaunakili mwaka huo kuwa wa kuzaliwa, na Akuwam akawa na miaka mia na minane. Fomu ikarudishwa. Ofisi nzima tulicheka, mimi nikiwemo, na ninajuta.

Oktoba hii, akipanga ghala kabla ya kulikabidhi, Ejore aliliokota lile ganda, nene kuliko yote koponi mle, akaligeuza. Kitakoni liliandikwa 1921. Bunduki ilikuwa imezunguka kwingi kabla ya kufika Kaaleng. Risasi ndiyo iliyokaribiana na kuzaliwa kwa Akuwam. Mwaka wa bunduki Ejore aliupata sawasawa, ila hakuwa ameulizwa huo.

Alipanda lori la mbuzi kwenda Kaaleng siku hiyohiyo, barua mpya mfukoni. Akuwam alikuwa amezikwa tangu Machi, bila kumwona Bilha.

Tumemwambia kosa lilikuwa la karani. Hakubali, na siku hizi chai yake hupoa mezani.

Tulitaka kumpa saa ya ukutani. Ameomba ganda lile. Wiki ya kwanza ya Januari atalipeleka Kakuma, amweleze Bilha kwa kinywa chake kwa nini baba yake hakufika.

Asante, Mzee Ejore, kwa yote uliyotufundisha. Tunakuombea maisha marefu yenye heri, na pale kizuizini wakupishe.