Safari za Kajetani Mbawala, Fundi wa Umeme wa Jua

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu yetu Kajetani alizaliwa tarehe 14 Agosti 1947 kijijini Lipokela, mtoto wa tatu wa mzee Hironimus Mbawala. Mama yake alikuwa akisema huyu alitembea kabla hajajua kukaa, na hakuna aliyembishia.

Alisoma mpaka darasa la nne. Akazunguka kwenye mashamba ya tumbaku, akajifunza kutengeneza redio, akafungua kibanda Mfaranyaki. Mwaka 1974 alifunga ndoa na Benigna.

Biashara ya nje ilipofunguliwa na paneli za jua zikaanza kufika Songea, akazipenda kuliko redio. Watu waliogopa baridi ya huku ingezizuia kufanya kazi. Akawaambia, "Kioo hiki hakili joto, kinakula mwanga. Mchana kinavuna, betri inaweka ghalani, usiku taa inapakua." Alipanda mapaa kuanzia Msamala mpaka Tunduru, na tawi lililotia kivuli alilikata kwanza, maneno baadaye.

Mwaka 1994 alifunga taa kwenye zahanati ya kijiji kimoja, akamwagiza katekista Rupert: "Maji ya betri yakipungua, usiongeze ya kisima. Tia yaliyotakaswa." Haukupita muda taa ikafa, akina mama wakarudi kujifungulia kwenye kibatari. Kajetani akaenda, akauliza maji yalitoka wapi.

"Kanisani, fundi. Padri mwenyewe kayabariki."

"Yana chumvi?"

"Ya baraka. Si ulisema yaliyotakaswa?"

Kijiji kizima kilicheka, yeye hakucheka; chumvi ilikuwa imeiua betri. Aling'oa betri ya nyumbani kwake akaipeleka kule, Benigna akabaki na koroboi. Tangu hapo hakukaa kitako. Neno lile, "yaliyotakaswa", alikuwa ameliacha kila nyumba aliyofunga taa, naye akaanza kulifuata mlango kwa mlango: "Maji ya betri, yale ya dukani, basi."

Mwaka 1997 moyo ulianza kutanuka, miguu ikavimba. Benigna akamwambia, "Baba Otto, hizo taa zina wenyewe. Kaa."

"Wenyewe wana neno langu, Mama Otto."

Daktari akamkataza safari zikiwa zimebaki nyumba za Tunduru. Alilala huku anageukageuka, chakula hakipiti. Mwishoni mwa Mei 1998, Bashiru, mteja wake wa huko, alisikia habari akapanda basi kuja kumwona.

"Fundi, ndicho kinachokunyima usingizi hicho?" akasema. "Sisi Waislamu. Maji ya padri tungeyatoa wapi? Tulinunua dukani tangu siku ya kwanza. Taa zinawaka, zangu na za majirani."

Kajetani alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamwambia mkewe, "Sogeza kiti, Mama Otto. Tukae."

Walikaa hivyo siku zilizobaki. Alifariki asubuhi ya tarehe 6 Juni 1998, nyumbani kwake Mfaranyaki.

Ameacha mjane, Benigna. Watoto Otto, Kunegunda na Remmy. Wajukuu wawili, na kaka yake anayewasomea haya. Bwana ampumzishe, maana mwenyewe alichelewa kujifunza.