Vatsalabai na Njia Iliyozibwa Siku ya Maua

Wasikilizaji wapendwa, mlimwona, mkatazama pembeni. Kila mtu wa mtaa wetu wa Sahakarwadi alimwona Vatsalabai Phadnis amesimama mwanzo wa njia ya baiskeli, ameshika usukani, hana pa kupita. Mkapandisha vioo vya magari. Sasa hayupo. Alifariki Alhamisi, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Baiskeli aliianza akiwa na miaka sitini na mitatu. Narudia: sitini na mitatu, mjane, mwalimu mstaafu, sukari imepanda, magoti yanalia ngazini. Daktari alimwambia atembee, kutembea kukamuuma. Basi akanunua baiskeli nyeusi ya kike, yenye kikapu. Akairudia sari ya yadi tisa ya mama yake, ile inayopitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma. Wasichana waliicheka kwa ukale wake. Lakini haikunaswa na mnyororo hata siku moja.

Hakuwa na haraka. Alikwenda sokoni kununua majani ya uwatu, akapitia hekalu la mungu Maruti, akarudi. Wiki za kwanza alishuka kila kona kuvuta pumzi. Mwaka wa pili alifika mtoni na kurudi bila kuweka mguu chini. Mkwewe, Ketaki, anasema sukari ilishuka, na zile ngazi za ghorofa ya tatu akawa anazipanda huku anapiga soga.

Wazee wa barazani walimchokoza. Dattopant, aliyekuwa muuza vitabu, alimuuliza kama anakwenda kutafuta mume mwingine.

"Nikimpata, sharti awe na magoti," alimjibu bila kusimama. "Wewe hapo umeshafeli mtihani."

Miezi mitatu haikupita, Dattopant naye akanunua baiskeli. Wengine wakafuata, wakawa saba. Nikiwaona, niliuona mji wetu wa Pune wa zamani, king'ora cha kiwanda kinalia na barabara nzima inajaa kengele za baiskeli. Natamani nizisikie tena, jamani. Natamani sana.

Ikaja sikukuu ya Dasara, miaka miwili iliyopita. Siku hiyo vyombo vya kazi tunavivika maua, na kilichovikwa maua hakifanyishwi kazi mpaka kesho yake. Vatsalabai aliosha baiskeli, akaivika maua ya njano, akaipumzisha. Ninyi mkaosha magari, mkakosa pa kuyaweka, mkayapanga juu ya njia ya baiskeli. Alipouliza, mmoja wenu akamwambia, "Siku moja tu, mama. Gari lenye maua halisogezwi."

Akakubali, kwa kuwa aliiheshimu desturi. Nami nilikuwepo, nikanyamaza. Kesho yake maua yalinyauka, magari yakabaki. Wiki ikapita. Mwezi. Mpaka leo yapo.

Barabara kubwa ni ya malori. Aliijaribu mara moja, akarudi anaisukuma baiskeli kwa mkono. Akaandika barua, hazikujibiwa. Baiskeli ikaingia chini ya ngazi. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Narudia: sabini na mmoja, na bado alikuwa na nguvu za kufika mtoni. Haukupita mwaka, sukari ikapanda, magoti yakaanza tena kulia.

Ketaki anasema kila asubuhi mama alikaa kwenye veranda, na miguu ikawa inazunguka polepole chini ya kiti.

"Nikamuuliza, mama, miguu inakuwasha? Akaniambia, hapana mwanangu, niache kidogo. Sasa hivi nateremka pale hekaluni."

Ketaki, pole. Shirish, mwanawe, pole kwa kuondokewa na mama. Dattopant, najua unanisikiliza: pole, mzee wangu. Nasi wengine tujiulize ni miguu ya nani mwingine inazunguka chini ya viti mtaani kwetu, na nani aliifungia njia.

Ni Jumapili, saa mbili asubuhi. Mpo nyumbani, na chai mkononi. Weka kikombe chini. Chukua ufunguo, shuka, uliondoe gari lako kwenye ile njia. Usiningoje nimalize kusema. Shuka sasa.