Atuganile na Vifaranga Wawili wa Iyunga

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi. Atuganile Mwaisumo, Mkuu wa Ufungashaji katika kiwanda chetu cha Unga wa Kifaranga hapa Iyunga, Mbeya, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025. Alianza mwaka 1991 akishona midomo ya magunia kwa sindano ya mkono. Mashine ya kushonea ilipofika alihamishiwa kwenye kupiga nembo, na huko ndiko tulikomjua vizuri.

Nembo yetu ni kifaranga wa njano ndani ya duara la kijani, ameinamia punje moja ya mahindi. Atuganile aliilinda kama mtu alindavyo jina la ukoo wake. Mwaka 2003 aliirudishia kampuni ya uchapaji mifuko elfu mbili kwa sababu jicho la kifaranga lilikuwa limesogea upana wa punje ya ulezi. Sisi wengine tuliweka mfuko wa zamani na mpya sambamba, tukavua miwani, tukaivaa tena, hatukuona kitu. Mchapaji alipima kwa rula, kisha akaomba radhi.

Kifaranga wa pili, yule mkubwa anayevaliwa na mtu, ambaye watu wa masoko humwita maskoti, naye ni kazi ya mikono yake. Alimshona kwa mablanketi na sponji la godoro kwa ajili ya maonyesho ya Nane Nane. Hapo tulishangaa: mtu asiyekubali jicho lisogee alimwachia huyu kiraka gotini, bawa moja refu kuliko jingine, na mwendo wowote utakaompendeza aliyemo ndani. Sharti lilikuwa moja tu, tena la ofisi: maskoti hasemi.

Tofauti ya hao wawili tuliielewa mwaka 2014, tulipopeleka unga Iringa. Mbeya mtoto akitumwa dukani aliambiwa tu alete wa kifaranga. Kule Kalenga, Iringa, hakuna aliyemjua. Watu waliona ndege anadonoa punje, wakahitimisha kuwa hicho ni chakula cha kuku. Bi. Nasrin, mwenye duka pale, aliupanga unga wetu kando ya pumba, na wateja wakaulizana mbona kuku wa Mbeya wanadekezwa kwa chakula cheupe namna ile. Kwa miezi minne walionunua walikuwa wafugaji. Meneja wa wakati ule akatangaza kuwa mwezi ukiisha hivyo, njia ya Iringa itafungwa na watumishi wake wanane wataachishwa kazi.

Atuganile aliomba siku moja Kalenga na maskoti. Dastan, aliyezoea kumvaa, aliamka na malaria, kwa hiyo yeye mwenyewe, na miaka yake arobaini na tisa, akaingia ndani ya mablanketi. Akapita mbele ya wazee waliokaa kwenye benchi la duka, akitikisa mabawa, kimya kama alivyoagizwa. Kwa Wahehe, kuwapita wazee bila salamu si jambo dogo. Mmoja wao, Mzee Sosthenes, akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Huyu kifaranga alikosa mama wa kumfundisha adabu?"

Nilikuwepo, nimebeba sufuria. Nimekaa mbali na kwetu Lindi muda wa kutosha kujua kuwa ugenini salamu ndiyo mlango, nikaona umefungwa. Atuganile akarudi, akapiga magoti, kichwa kile kizito kikamlalia upande, akawasalimu kwa Kihehe, "Kamwene," kwa lafudhi ya kwao Rungwe. Benchi zima lilicheka hadi likafuta machozi. Kisha akawasha jiko la mkaa, akasonga ugali mbele yao, akamega tonge, akachovya kwenye maharage, akalipitisha kwenye mdomo wa kifaranga na kulila. Mzee Sosthenes akanawa mikono, akaonja, akaonja tena.

"Kama hiki ni chakula cha kuku," alisema, "basi pumba tumekuwa tukila sisi."

Kabla ya adhuhuri Bi. Nasrin alikuwa ameuhamishia unga kati ya mchele na sukari.

Menejimenti, kwa furaha, ikataka kuifuta nembo na kubaki na maskoti peke yake. Atuganile alikataa. Alieleza kuwa nembo humkumbusha anayetujua, ndiyo maana haifai kubadilika hata unywele. Maskoti humwendea asiyetujua, na akikosea anaweza kuomba radhi. Nembo haiwezi kupiga magoti, na maskoti hawezi kukaa juu ya kila mfuko. Nimesoma vitabu kadhaa vya biashara, sijaona jambo hilo likielezwa kwa ufupi na usahihi wa namna hiyo.

Njia ya Iringa haikufungwa. Wale wanane bado wapo kazini, na wameomba wao ndio wampeleke nyumbani kwake Ilomba jioni hii, naye akae kiti cha mbele.

Bi. Atuganile, asante kwa kazi ambayo hatukujua kuipima. Mungu akujalie afya njema, usingizi mtamu, na miaka mingi ya amani pamoja na walio wako.

Bushiri Abdul, Idara ya Ghala