Mlango wa Marinda wa Vincent Okochi

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za mchana. Mlioko Busia, upande wa Uganda na upande wa Kenya, mlioko Tororo, Masafu, Rubongi na Kiyeyi, karibuni tukae pamoja. Mimi ni Akiteng. Leo tunamkumbuka fundi Vincent Okochi, aliyefariki wiki iliyopita na kuzikwa kwao Masafu siku ya Jumamosi.

Nianze na ukweli. Tangu tulipotangaza kwamba tutamkumbuka Okochi, simu hazijanyamaza hapa. Wengine wamesema asante, yule mtu alitukingia watoto wetu na mbu. Wengine wameniomba nisimtaje kabisa, kwa sababu kuna mtoto alikufa nyuma ya mlango wake. Wote nimewasikia, na wote wanasema kweli. Kwa hiyo nitamsimulia Okochi mzima, bila kumgawa.

Vincent Okochi alikuwa fundi wa madirisha na milango. Alikata aluminiamu, akaweka vioo, akafunga vitasa. Karakana yake ilikuwa Busia, hatua chache kutoka mahali malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka. Mkewe, Nasirumbi, ni fundi cherehani. Alikuwa akishona sare za shule hapohapo barazani, na wateja wa mume na wa mke walikalia benchi moja.

Nasirumbi aliniambia wazo lilianzia kwenye sketi. Sketi za shule zina marinda, zile kunjo zinazofuatana kiunoni. Siku moja Okochi alimkuta mkewe akipiga pasi marinda, akasimama akatazama. Akaishika ile sketi, akaivuta ikapanuka, akaiachia ikarudi. Akauliza kama wavu wa mbu nao unaweza kupigwa pasi hivyo.

"Mimi nacheka," Nasirumbi aliniambia. "Nasema, wewe unataka kuvalisha nyumba sketi? Yeye hacheki. Yeye nachukua pasi yangu, nakwenda."

Pasi ile iliunguza wavu wa kwanza. Ikaunguza wa pili. Okochi akajifunza kuukunja wavu kati ya karatasi ngumu na kuuacha upoe chini ya mbao nzito. Akapitisha nyuzi katikati ya marinda, ili wavu ukivutwa usimame pale unapoachwa, nusu dirisha au dirisha zima. Ukitaka upepo na mwanga, unausukuma pembeni unajikunja. Jioni mbu wakianza kuimba, unauvuta unafunga.

Kulikuwa na tatizo lingine, nanyi mnalijua. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa jicho. Dirisha ni pana juu, jembamba chini, na mlango mmoja haufanani na mwenzake. Okochi akatengeneza fremu ya vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine. Fremu ikawa inarefuka na kufupika, inafuata ukuta ulivyo. Skrubu zikakazwa, basi. Mbu hana pa kupita.

Watu waliipenda kazi hiyo. Mwenzake, Jared, kijana wa Busia upande wa Kenya, alimletea aluminiamu na kumtafutia wateja. Milango ya marinda ikaenda Tororo mjini, ikaenda Rubongi, ikafika Kiyeyi kwa wakulima. Wasikilizaji wapendwa, nami nilifungiwa madirisha yangu na mkono wa Okochi. Mwanangu aliyekuwa akilazwa na malaria kila msimu wa mvua halazwi tena. Hilo nalisema kwa sababu ni haki yake.

Sasa sikilizeni na sehemu nyingine.

Rubongi kuna mama anaitwa Abbo. Ni mjane. Alikuwa akimlea mjukuu wake, Lorine, mtoto wa miaka mitano. Nyumba yao ina mlango mmoja tu, na madirisha yana vyuma vya kuzuia wezi. Abbo aliweka mlango wa marinda ili mchana aache mlango wa mbao wazi, nyumba ipumue.

Mlango ule wa Okochi ulitembea juu ya reli iliyolala chini kizingitini. Reli ile ilikuwa na mfereji mwembamba. Mchanga uliingia, makombo yakaingia, vumbi la kiangazi likaingia. Mlango ukaanza kukwama. Na wavu wenyewe ulikuwa mgumu, kwa sababu wavu laini wa mwanzo ulikuwa ukichanwa na kuku na panya, naye Okochi akatafuta usiochanika.

Abbo alikutana na Okochi sokoni akamwambia mlango unakwama. Okochi alikuwa na haraka, ana fremu mkononi. Akamjibu, "Piga teke kidogo chini, mama, utafunguka. Nitapita."

Hakupita.

Alasiri moja ya kiangazi, mwaka juzi, Abbo alimwacha Lorine amelala akaenda kuchota maji. Ndani kulikuwa na jiko la mafuta ya taa. Moto ulianza pale. Majirani waliona moshi wakakimbia. Jirani wa kwanza kufika alisukuma mlango wa marinda kuelekea ndani, naye hakujua kwamba unavutwa pembeni. Ukajikaza zaidi kwenye reli. Alipiga mateke mpaka fremu ikang'oka, lakini moshi ulikuwa umetangulia. Lorine alikutwa pale pale mlangoni. Alikuwa ameamka, alikuwa amefika mlangoni, na mlango haukumfungukia.

Polisi walisema moto umetoka kwenye jiko. Hakuna aliyemshtaki Okochi. Jared alimwambia anyamaze, kwa sababu jiko si lake na moto si wake. Maneno ya sokoni yalijulikana na watu wawili tu, Okochi na Abbo, na Abbo alikuwa hana hata nguvu ya kusema jina lake mwenyewe.

Okochi alikwenda mazishini. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Olweny, ndiye aliyeongoza shughuli siku hiyo. Aliniambia kwamba Okochi aliomba kusema neno, naye akadhani ni rambirambi, akampa nafasi. Okochi akasimama mbele ya jeneza dogo akasema, "Mama huyu aliniambia mlango unakwama. Mimi nikamwambia apige teke. Mtoto hawezi kupiga teke ile. Mlango ni yangu. Nilisema nitapita, na mimi sikupita."

Watu waliinuka. Vijana wengine walikuwa wameshika majembe ya kaburi. Mzee Olweny alimshika Okochi mkono akamtoa kupitia nyuma ya nyumba mpaka barabarani. Abbo alikaa alipokaa.

Kuanzia siku hiyo Okochi hakupokea kazi mpya. Alijifungia na mlango mmoja karakanani. Aliitoa reli ya chini kabisa, kizingiti kikabaki kitupu. Pembeni akaweka sumaku badala ya komeo. Alitaka mlango ambao ukisukumwa kutoka ndani, mahali popote, utoke wote uanguke nje.

Wasikilizaji wapendwa, haya nayo aliniambia Nasirumbi. Wana binti, Proscovia, ambaye wakati ule naye alikuwa na miaka mitano. Okochi alimweka mtoto nyuma ya mlango akamwambia asukume. Mlango haukutoka. Akamwambia asukume tena, na tena, mpaka Proscovia akaanza kulia. Okochi naye akakaa sakafuni akalia. Nasirumbi akamchukua mtoto akamwambia mumewe kwamba binti yake si chombo cha kupimia milango.

Lakini siku zilipopita, Okochi akiendelea kuurekebisha, Proscovia mwenyewe alirudi karakanani kucheza. Akauegemea mlango kwa mgongo, na mlango ukaanguka nje, naye akaanguka juu yake akicheka. Okochi alimwita mkewe aje aone. Nasirumbi anasema alikuja, aliona, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alimwona mumewe akila chakula akamaliza.

Ndipo akasema atabadilisha milango yote. Yote ya zamani, kila nyumba, bila malipo. Hapo Jared akakataa.

Nimeongea na Jared. Hakutaka kujificha. Alisema, "Nilimwambia, ukibadilisha mlango mmoja, umekubali kwamba yote ni mibaya. Watu watatumaliza. Akaniambia, ndiyo, ni mibaya. Nikachukua vitu vyangu nikavuka."

Wakaachana. Jared alifungua kazi yake upande wa Kenya. Hawakusemeshana tena, na Okochi amekufa hawajasemeshana. Jared aliniambia hilo akiangalia chini.

Okochi akaanza kuzunguka na pikipiki, fremu zimefungwa nyuma. Kuna nyumba walimpokea vizuri. Kuna nyumba walimfungulia mbwa. Wengine walisema mlango wao hauna shida, aende zake, naye alirudi tena wiki nyingine. Karakana ilififia. Sare za Nasirumbi ndizo zilizolisha nyumba. Nasirumbi anasema hakumlaumu, lakini alichoka.

Alifika pia kwa Abbo, na mlango mpya. Alisimama uani akausukuma kwa kidole kimoja ili mama aone unavyoanguka. Abbo alimletea kiti na maji ya kunywa. Kisha akamwambia, "Wewe mimi nimesamehe. Lakini mlango yako, hapana. Rudisha."

Akaubeba akaurudisha.

Wiki iliyopita alikuwa Kiyeyi, kwa mkulima mmoja, akifungua mlango wa zamani. Mwenye nyumba anasema alilalamika kichwa, akaomba kukaa kivulini. Presha ilikuwa imempanda. Walimkimbiza hospitali akiwa bado anapumua, lakini hakuamka. Vincent Okochi ameacha mke na watoto watatu.

Nilikwenda kuzika Masafu. Niliwaona watu wengi, na niliwaona pia waliokuja kusimama mbali. Abbo alikuja. Alikaa na wanawake upande wa nyuma, na wakati wa kuweka udongo alitembea mpaka kaburini akaweka wake. Nilimuuliza kama angependa kusema neno kwenye redio. Akasema hana neno, ila nimtaje Lorine kwa jina. Nimemtaja.

Jared naye alikuja. Baada ya mazishi alimwendea Nasirumbi akamwambia atamaliza nyumba zilizobaki. Nasirumbi aliingia ndani akatoka na sanduku la vifaa la mumewe, akampa.

Kwa mama Nasirumbi, kwa Proscovia na ndugu zake, kwa ukoo wote wa Okochi, poleni sana. Kwa mama Abbo, nawe pole, kwa sababu kila tukimtaja fundi huyu tunagusa kidonda chako. Mungu awashike nyote. Na sisi tuliobaki tukae na swali hili: mtu akikosea namna hii kisha akatumia maisha yake yaliyobaki kurekebisha, tunamweka wapi? Zungumzeni nyumbani.

Nilimuuliza Nasirumbi angependa nimalize vipi. Nilidhani ataomba wimbo wa kanisani. Akaniambia, "Usimsifu sana. Ambia watu watoe ile milango ya zamani."

Basi nawaambia. Kama nyumbani kwako kuna mlango wa marinda wenye reli chini kizingitini, ni wa zamani. Hata kama haukwami, utoe. Skrubu ziko nne, mbili kila upande, na bisibisi ya kawaida inatosha. Jared anazunguka Rubongi na Kiyeyi mwezi huu na milango mipya. Lakini usimngoje yeye. Zima redio, utoe sasa.